Kabla Hujaweka Sahihi: Utafiti wa Dawa na Mkono Uliokakamaa

Mume wangu alipatwa na kiharusi mwaka 2021, asubuhi, akifunga viatu aende kazini Kibuye. Upande wote wa kulia ulilegea. Wiki za mwanzo mkono ulining'inia tu. Baada ya miezi miwili hivi ukaanza kujikunja wenyewe: kiwiko kikapinda, vidole vikafunga ngumi. Tulifurahi, tukadhani nguvu zinarudi. Kumbe ndiyo misuli inakakamaa, kwa sababu ubongo ulioumia hauwezi tena kuituliza.

Tangu hapo kila jioni tunaketi uani na karai la maji ya uvuguvugu. Ukijaribu kufungua vidole kwa nguvu, vinazidi kukaza. Kwa hiyo nakunja kifundo cha mkono kwa ndani, taratibu, nangoja, ndipo vidole vinalegea kidogo na mimi napenyeza kitambaa. Ndani ya kiganja ngozi imekuwa nyeupe kwa unyevu, na mara moja ukucha wa kidole cha kati ulimchoma hadi pakatoka usaha. Mtu aliyeosha kiganja cha namna hiyo anaelewa kwa nini nilipopata ujumbe kwenye simu kuhusu "utafiti wa dawa mpya ya kulegeza misuli" moyo wangu uliruka.

Ujumbe ulisema nafasi ni chache, nitume shilingi 6,500 za usajili kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya. Aliyenizuia ni dada yangu aliyeolewa Siaya.

"Mama Akinyi, sisi tulilipa nini?" akaniuliza.

Mwanawe alikuwa kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza 2009 na kuchukua watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika. Siaya na Kombewa zilikuwa miongoni mwa vituo. Hawakulipa hata senti. Walirudishiwa nauli, wakasomewa karatasi ya idhini kwa lugha wanayoielewa, wakaambiwa wanaweza kujitoa siku yoyote na mtoto ataendelea kutibiwa kama kawaida. Waliambiwa pia jambo ambalo mimi sikuwa nalijua: theluthi moja ya watoto hawakupewa chanjo ile kabisa. Walichomwa chanjo nyingine ya kulinganisha. Wale wakubwa kidogo walichomwa ya kichaa cha mbwa. Wala mama hakujua mwanawe yuko kundi gani.

Hapo ndipo akili yangu ilifunguka. Utafiti haufanywi ili mgonjwa wangu apone. Unafanywa ili swali lijibiwe, na huenda yeye akaangukia kundi la kidonge kisicho na dawa ndani. Si dhuluma hiyo, mradi umeelezwa na umekubali. Chanjo ile leo inawakinga watoto wetu kwa sababu kuna wazazi waliokubali. Lakini ukiingia ukidhani umepata tiba, utaumia.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayemuuguza mtu mwenye mkono au mguu uliokakamaa, iwe ni kwa kiharusi, ajali ya uti wa mgongo au mtoto aliyezaliwa na tatizo la ubongo, ukiombwa pesa ili uingie, kata simu. Wasiokuomba pesa, waombe karatasi za utafiti wao. Hapa Kenya majaribio ya dawa lazima yaidhinishwe na Bodi ya Famasia na Sumu pamoja na kamati ya maadili ya utafiti, na utafiti huwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Karatasi ya idhini inapaswa kuwa na namba ya simu ya kamati hiyo. Ipige. Tafuta pia namba ya utafiti wenyewe kwenye PACTR, sajili ya majaribio ya tiba ya Afrika iliyo Cape Town, au ile ya Marekani, ClinicalTrials.gov. Zote zinafunguka kwa simu yenye intaneti, bila ada. Nilipotafuta mimi, tafiti nyingi za kukakamaa kwa misuli zilikuwa Ulaya na Marekani. Ilinivunja moyo, lakini heri kujua.

Swali la dawa anazotumia sasa ni zito kuliko yote. Mume wangu anatumia baklofeni, vidonge vya kulegeza misuli. Dawa hii haikatizwi ghafla hata kidogo: mtu anaweza kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na misuli kukaza vibaya kuliko mwanzo. Tafiti nyingi hutaka dozi yako isibadilike kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza. Basi mtu yeyote akikwambia "acha kwanza dawa zako", usiache. Rudi kwa daktari aliyeziandika. Na kama mgonjwa amechomwa botulinamu, sindano ya kulegeza misuli, andika tarehe, kwa sababu nguvu yake hudumu kama miezi mitatu na watafiti wataiuliza.

Halafu uliza wanapima nini. Hili nilifundishwa na daktari wetu wa fizio, mama mmoja mvumilivu sana. Yeye hushika mkono, huunyoosha kwa haraka na kuupa alama ya Ashworth, kipimo cha ukakamavu, kuanzia 0 (haujakaza) hadi 4 (umekaza kabisa). Akanieleza kwamba alama inaweza kushuka na bado mtu asiweze kushika kijiko. Tulichokuwa tunatamani sisi hakikuwa kijiko. Tulitaka kiganja kifunguke nikioshe bila yeye kusaga meno. Jua unachokitaka nyumbani kwako, kisha uulize kama utafiti huo unakitazama.

Upande wa mguu nusura nikosee. Nilitamani nao ulegezwe. Daktari akamwambia mume wangu asimame, akanionyesha: ule ukakamavu ndio nguzo yake. Misuli yake ni dhaifu, na mguu ukilegea sana goti litakunjika aanguke.

Uliza pia utafiti ukiisha itakuwaje: dawa ikimfaa, ataendelea kuipata? Akiumia, nani atalipa hospitali? Waombe majibu kwa maandishi.

Wakati unangoja, usiache mazoezi ya kunyoosha. Kiungo kikishaganda kabisa, tafiti nyingi hukikataa. Na akikaza ghafla kuliko kawaida, usikimbilie kuongeza vidonge. Angalia kwanza choo kigumu, maambukizi ya mkojo, kidonda, au kiatu kinachobana.

Nimenunua daftari. Ndani nimeandika siku ya kiharusi, dawa na dozi, tarehe za sindano, alama za mkono. Daktari wa fizio ameahidi kutuambia akisikia utafiti wa kweli karibu nasi. Juzi mume wangu aliliomba, akaandika ukurasa wa kwanza kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizolala upande: "MKONO SAWA. MGUU MTAUFANYA NINI?"