Paka anayenyonyesha: kumfunga kizazi na kuwagawa watoto

Dada, umeuliza kama paka wako mwenye watoto wa wiki sita anaweza kufungwa kizazi sasa. Subiri watimize wiki nane na waweze kula wenyewe, ila mama mfungie ndani tangu leo: paka hushika mimba hata akinyonyesha.

Usiku wa kuamkia upasuaji mnyime chakula, maji mwachie hadi asubuhi. Tumbo likijaa anaweza kutapika akiwa usingizini, matapishi yakaingia mapafuni. Kwa watoto wake, siku yao ya upasuaji ikifika, usifanye hivyo kamwe! Njaa ya usiku kucha hushusha sukari yao mwilini na huweza kuwaua. Mfungo wa saa mbili hadi nne unatosha. Kidonda hupona kwa siku 10 hadi 14. Avae kola (koni ya kuzunguka shingo) asirambe nyuzi. Ukiona usaha, mrudishe kwa daktari.

Watoto wafanyiwe upasuaji huo kabla ya kuwagawa, wakifika kilo 1, daktari akikubali. "Nitampeleka baadaye" ya mchukuaji husahaulika upesi. Dume aliyehasiwa akiwa mkubwa bado anaweza kutia mimba wiki kadhaa, mtenge na majike. Nyumba mpya imweke paka chumba kimoja wiki mbili, la sivyo anaweza kutoroka kurudi kwako.