Warsha ya GIS: tengeni nusu siku kwa ajili ya majiranukta

Warsha nyingi za mifumo ya taarifa za kijiografia (GIS) huanza kwa kuonyesha vitufe: hapa pa kukuza ramani, hapa pa kubadili rangi. Jioni kila mshiriki ana ramani ya kupendeza. Akirudi kazini na kufungua data zake mwenyewe, visima vyake vinaangukia baharini na hajui aanzie wapi. Chanzo karibu kila mara ni mfumo wa majiranukta, yaani kanuni inayosema namba za mahali zinahesabiwa kuanzia wapi na kwa kizio gani. Ndiyo maana tunashauri nusu siku nzima itengwe kwa jambo hilo moja, hata kama rangi na lebo zitakosa muda.

Kabla ya hapo, malizeni suala la kusakinisha. Kifurushi cha Windows cha QGIS, programu ya GIS itakayotumika, ni kizito, karibu gigabaiti moja au zaidi, na watu ishirini wakikipakua asubuhi ileile kwenye mtandao mmoja, siku imekwisha. Wekeni kwenye flashi toleo moja tu, lile la muda mrefu linaloitwa LTR, ili menyu zifanane kwenye kompyuta zote. Wiki moja kabla, mwulizeni kila mshiriki kama kompyuta yake ya kazini inamruhusu kusakinisha programu. Wengi hugundua ukumbini kwamba inadai nenosiri la msimamizi ambaye yuko mbali. Faili za mazoezi zitolewe kwenye zipu kabla ya kufunguliwa, kwa sababu tabaka (seti moja ya data kwenye ramani) linalosomwa likiwa bado ndani ya zipu halihaririki.

Sasa nusu siku yenyewe. Wapeni washiriki jedwali la nukta lisiloeleza mfumo wake, kisha wasome namba kwa macho kabla hawajagusa programu. Namba zikiwa kati ya -180 na 180, huenda ni nyuzi, na EPSG:4326, msimbo wa mfumo wa latitudo na longitudo kwenye orodha ya EPSG, ndiyo ya kujaribu kwanza. Zikiwa za malaki au mamilioni, huenda ni mita. Hapo elezeni UTM, mfumo wa majiranukta unaotumia mita: dunia imegawanywa kanda 60 zenye upana wa nyuzi 6 za longitudo, na mstari wa kati wa kila kanda umepewa thamani ya mita 500,000 ili namba hasi zisitokee. Kusini mwa ikweta, namba ya kaskazini-kusini huanzia 10,000,000 kwenye ikweta na kupungua kadiri unavyokwenda kusini. Kwa UTM ya WGS 84 (umbo la dunia linalotumiwa na GPS), msimbo wa EPSG ni 326 ukifuatwa na namba ya kanda kwa upande wa kaskazini, 327 kwa kusini: kanda ya 5 kusini ni 32705. Mtu aliyeelewa hili anaweza kutambua kosa kwa kutazama safu mbili za namba tu. Jedwali la pili liwe limepinduliwa, latitudo kwenye X na longitudo kwenye Y, la tatu liwe na mkato badala ya nukta ya desimali. Makosa hayo mawili yatawafuata kazini.

Kosa linaloharibu data nyingi zaidi ni kuchanganya amri mbili. “Set Layer CRS” (CRS ni mfumo wa majiranukta) hubadili jina la mfumo tu na kuziacha namba kama zilivyo. Ni kama kubandika lebo ya kilo kwenye gunia lililopimwa kwa ratili. “Reproject Layer” ndiyo inayokokotoa namba upya na kutengeneza tabaka jipya. Mwalimu afanye zote mbili juu ya tabaka moja, mbele ya wote, na aonyeshe namba kabla na baada.

Halafu vipimo. Anayetaka ukanda wa mita 500 kando ya mto, huku tabaka lake liko kwenye nyuzi, akiandika 500 ameomba nyuzi 500, na uzi mmoja kwenye ikweta ni takriban kilomita 111. EPSG:3857 ya ramani za mtandaoni ni hatari zaidi kwa kuwa inaonyesha mita na haishtui mtu: kwenye latitudo 60 urefu huonekana mara mbili, na eneo mara nne. Kwenye kikokotozi cha safu cha QGIS, $area hufuata umbo la dunia lililowekwa kwenye mradi, ilhali area($geometry) hupima kana kwamba dunia ni bapa, kwa vizio vya tabaka. Wapimeni shamba lilelile kwa njia zote mbili.

Kuunganisha majedwali kunahitaji saa moja tu, lakini msisahau sifuri za mwanzo: msimbo 007 ukisomwa kama namba unakuwa 7, na safu zilizounganishwa zinarudi tupu kwa msimbo huo. Zimeni utambuzi wa aina za safu wakati wa kuingiza CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Kwa kuhifadhi, pendeleeni umbizo la GeoPackage; umbizo la shapefile hukata majina ya safu kwenye herufi 10, tena ni faili kadhaa zinazotakiwa kusafiri pamoja.

Zoezi la mwisho lifanyike kwa data za mshiriki mwenyewe. Anakili folda yake kwenye flashi na kuifungua kwenye kompyuta ya jirani. Faili ya mradi hubeba njia za kufikia data, haibebi data. Na tabaka la muda, lenye alama ndogo ya chipu ya kumbukumbu pembeni ya jina, hupotea programu ikifungwa. Kinachokosekana hapo akirekebishe kabla hajaondoka ukumbini.