Kabla hujaenda kufundisha Kiingereza Oman

Simu ilinifikia saa 1 kasoro asubuhi, nikiwa natafuta viatu. Mjomba wangu, aliyenilea tangu nina miaka 6, amefariki usiku Tanga, na mazishi ni baada ya sala ya adhuhuri. Kipindi changu cha kwanza kilikuwa saa 2. Nikanawa uso, nikaenda. Somo la siku hiyo kwenye ratiba lilikuwa kauli ya kutendwa. Nikasimama mbele ya wanafunzi 24 nikiwatungia sentensi za barua iliyoandikwa na mlango uliofungwa, huku moyoni nikihesabu: sasa anaoshwa, sasa anakafiniwa, sasa anaswaliwa. Nilitabasamu vipindi vyote vinne. Mwanafunzi mmoja aliniambia wakati tunatoka, leo una furaha, Miss.

Nawaandikia walimu wenzangu, hasa vijana wa Tanzania na Kenya mnaoniuliza habari za kazi za vyuo vya Ghuba. Mnauliza mshahara, nyumba, tiketi. Hayo yana majibu mafupi. Ninachotaka mkijue kabla ya kufunga mizigo ni kile ambacho kazi hii inakidai kila siku bila kukiandika popote: uso mkunjufu, sauti tulivu, subira isiyokwisha, iwe umelala au hukulala.

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliieleza kazi ya namna hii kama kazi kamili, yenye kuchosha sawa na kubeba magunia. Aliwachunguza wahudumu wa ndege, wanaotakiwa kutabasamu hata abiria akiwatolea maneno, na kwa upande wa pili wakusanya madeni, wanaotakiwa kukaza uso ili mdaiwa aogope. Niliyasoma hayo nikiwa mwaka wa tatu Oman, nikajiona kote kuwili. Asubuhi mimi ni mhudumu wa ndege: karibuni, msiogope, tujaribu tena. Mchana nagawa maksi na barua za onyo la utoro, kwa watu walewale.

Na watu wenyewe wanafika wakiwa wameumia. Wengi wenu mtafundisha mwaka wa msingi, ule anaoupitia mwanafunzi kabla ya kuanza shahada. Viwango vyake vya taifa vilitolewa 2008, navyo vinagusa Kiingereza, hisabati, kompyuta na stadi za kujisomea, lakini kinachowatoa watu jasho ni Kiingereza. Kijana aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao, akisoma masomo mengi kwa Kiarabu, anafanya mtihani wa kupangiwa ngazi na kujikuta ngazi ya chini kabisa, anajifunza kutaja rangi na siku za wiki. Nyumbani wameshamwita injinia. Aibu hiyo haendi kuimwaga kwa waziri wala kwa mkuu wa chuo. Anakuja nayo ofisini kwako.

Muhula wangu wa pili alikuja binti mmoja aliyekosa maksi 2 tu za kupandia ngazi. Alilia mpaka mtandio ukalowa. Mdogo wake alikuwa ameshafaulu, na baba alikuwa hajui bado. Nikamwambia, "Nitaona nitakachoweza." Nilijua siwezi kitu, maana karatasi ilikwisha sahihishwa na watu wawili na matokeo yameingizwa. Nilisema vile kwa sababu sikuweza kumtazama akilia. Basi alikuja kila siku kwa wiki nzima, na kila siku tumaini lake lilikuwa juu zaidi ya jana, na siku nilipomwambia ukweli alilia kilio kingine kabisa, cha mtu aliyedanganywa. Katika makosa yangu yote ya ualimu hilo ndilo ninalolijutia zaidi. Usiahidi kwa huruma. Sema hapana siku hiyohiyo, kisha toa karatasi yake mezani mpitie pamoja, swali kwa swali, hata kama itachukua saa nzima. Kumpa mtu saa yako inawezekana. Kumpa maksi isiyokuwepo haiwezekani.

Kuna na jambo la pasipoti. Matangazo mengi ya kazi hizi yanamtaka mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza, na ukiipata kazi kwa shahada zako na uzoefu wako, siku ya kwanza darasani utaulizwa unatoka wapi. Utaziona nyuso zikishuka. Mimi niliumia sana, nikajaribu kuivaa lafudhi isiyo yangu, na jioni taya zilikuwa zinauma kweli. Acha. Waambie mapema kwamba Kiingereza umekikuta shuleni kama wao. Kisha waonyeshe faida yake. Kiarabu husema "mimi mwanafunzi" bila kitenzi katikati, kwa hiyo kitenzi kile kidogo cha Kiingereza (am, is, are) wanakiruka. Sauti ya "p" hawana, inawatoka "b". Na vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino za Kiingereza (a, an, the), ambavyo Kiswahili hatuna kabisa na Kiarabu kina kimoja tu, vilinitesa mimi miaka mingi kama vinavyowatesa wao. Ukiweza kumwonyesha mtu njia uliyopita mwenyewe, baada ya wiki tatu hakuna anayekuuliza pasipoti.

Mwisho wa muhula wanafunzi hujaza fomu za kukutathmini, na fomu hizo hutazamwa mkataba ukikaribia kuisha. Hapo tabasamu linageuka mkate. Sina dawa ya hilo, ila msisahihishe mitihani mkiwa na hofu ya fomu hizo.

Tafuta mahali pa kuvua uso. Mimi niliishi mji mmoja wa Dakhiliyah, bara ya Oman, na mwaka mzima wa kwanza sikujua kwamba nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa bibi aliyezaliwa Unguja. Wako wengi kama yeye. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, familia nyingi za Zanzibar zenye asili ya Oman zilihamia huku na Kiswahili chao. Nilimsikia dukani akimgombeza mjukuu wake kwa Kiswahili safi, nikamwambia shikamoo. Akaitika marahaba kabla hajageuka kunitazama. Tangu hapo kila Ijumaa, siku ya mapumziko, nilikuwa kwake, na sikuwa mwalimu wa mtu yeyote. Nilimenya viazi, nikasikiliza habari za Malindi na Mkunazini, mitaa ya Unguja mjini, za miaka ile. Siku nilipompelekea habari ya mjomba alisema, "Kaa hapa mwanangu, ulie." Ndipo nikalia, siku ya pili ya msiba.

Siku ya tatu niliwaambia wanafunzi. Darasa likanyamaza, kisha wakasimama mmoja mmoja kunipa pole na kumwombea marehemu. Kesho yake kulikuwa na tende na birika la kahawa juu ya meza yangu. Wale ni vijana wanaotoka vijijini kila Jumapili na kurudi kwao kila Alhamisi, wanajua msiba ni nini kuliko nilivyowadhania. Laiti ningewaambia asubuhi ileile. Ningewapa zoezi la kusoma kimya, nikakaa.

Kwa hiyo mkataba ukiletwa, soma mpaka ukurasa wa likizo kabla ya kutia saini. Uliza siku za msiba ni ngapi na kwa ndugu yupi, tiketi ya dharura inalipwa na nani, na nani atashika vipindi vyako. Wangu ulinipa siku 2 kwa kifo cha mjomba. Ndege mpaka Dar na basi mpaka Tanga zingezila zote. Na haukuwa na mstari wa mjomba aliyekulea.