Pomboo wa Lamu nao wana Kiamu chao?

SWALI: Asalam aleikum. Mie nabeba wageni kwa boti, Shela mpaka Manda Toto na kurudi, na pomboo twawaona sana. Juzi mgeni mmoja akasema eti pomboo wa kila mahali wana lugha yao, yani wa Watamu akija huku ni kama mimi nipelekwe China. Ni kweli ama alitupiga fiksi? Na hii injini yangu yawasumbua? – Nahodha, Shela

JIBU: Waaleikum salam nahodha. Mgeni wako hakudanganya ila chumvi kaizidisha. Pomboo hawana maneno kama sisi, wana mbinja, na kila mmoja ana yake aliyojitungia utotoni, ndo kama jina lake. Mwaka 2013 watafiti Stephanie King na Vincent Janik walitoa matokeo yao ya kule Scotland, walikuwa wanamchezea pomboo mbinja yake mwenyewe kwa spika ya majini na yeye anaitika, wakicheza ya pomboo asiyemjua hana habari. Sasa wa Watamu akija Lamu anakuja na jina lake, basi. Zinazotofautiana kati ya kundi na kundi ni sauti zenyewe, kali ama nzito, fupi ama ndefu, na Mediterania ilionekana hata sakafu ya bahari inachangia, waliokaa penye majani mbinja zao ni kali kuliko wa penye tope.

Lahaja hasa hasa utaikuta kwa wale wakubwa weusi na weupe, nyangumi muuaji, ambao ukoo wao ni pomboo (jina tu linawapotosha watu). Huko kisiwa cha Vancouver, Canada, mtafiti John Ford aligundua kila familia ina miito yake japo wanaogelea maji yale yale. Huyu njia, yule ndia!

Injini sasa. Siku moja karibu na mikoko ya Manda nilitumbukiza kasia, sikio nikaliweka kwenye mpini, nikasikia chwachwachwa kama viazi kwenye mafuta, kumbe ni kamba wadogo wanaalisha magando, halafu ikapita boti, kamba wote kimya, nikabaki na vuuuu tupu. Pomboo anaishi humo. Pwani ya Maryland, Marekani, utafiti wa 2018 ulionyesha kelele za meli zikizidi mbinja zinapanda juu na mikunjo inapungua, kama wewe harusini karibu na spika, hadithi huwezi, unaishia "vipi, poa?". Na pomboo wawili waliofunzwa kubonyeza vitufe pamoja, kelele ilipozidi walipiga mbinja ndefu na za nguvu lakini bado kufaulu kukashuka kutoka asilimia 85 hadi 62.5, matokeo ya 2023 hayo.

Kwa hiyo ndiyo, yawasumbua. Ukiwaona punguza mwendo mapema, usiwakate mbele, na pangaboi likiwa na pengo litengeneze, maana hilo kelele zake ni balaa na mafuta pia linakula.