Maswali ya Wakulima: Kukausha Vanila Nyumbani

Nimechavusha maua kwa mkono, matunda yamejaa. Nivune lini? (Muleba)

Subiri takriban miezi tisa tangu uchavushe, na uangalie ncha ya chini. Ikianza kuwa njano, tunda hilo limekomaa. Chuma moja moja, usikate kichala kizima, kwa sababu maua ya kichala kimoja hayachanui siku moja. Tunda lililovunwa bichi halina cha kutoa: harufu hafifu, na mara nyingi huota ukungu kabla halijakauka. Likipitiliza, hupasuka. Bei yake hushuka, ila kwa jikoni kwako halina tatizo.

Naambiwa nichemshe. Kwa dakika ngapi? (Moshi)

Usichemshe. Maji yawe nyuzi 63 hadi 65 za Selsiasi, matunda yakae humo dakika tatu. Membamba, dakika mbili zinatosha. Nunua kipimajoto, maana mkono hauwezi kupima joto hilo. Kwa kilo moja tumia lita kumi, maji yasipoe ghafla matunda yanapoingia. Lengo ni kulizuia tunda lisiendelee kuiva huku ukivihifadhi vimeng'enya vyake, kwani ndivyo vinavyoifungua vanilini, yaani kiini cha harufu ya vanila, iliyofungamana na sukari. Maji yakitokota vimeng'enya hufa, na hapo hata ukilikausha miezi mitatu utabaki na kijiti cheusi kisichonukia.

Yatoe, yachuje maji upesi, yafunge yangali moto ndani ya blanketi la sufi, kisha uyaweke kwenye sanduku lenye kifuniko kwa saa 24 hadi 48. Yatatoka na rangi ya chokoleti, yamelainika, yanateleza kwa mafuta. Ukiona mabaka ya kijani, joto halikutosha au yalipoa njiani. Tunda moja moja hupoa haraka mno, ndiyo maana tunawashauri majirani wenye mavuno kidogo wakusanye na kufunika kwa pamoja, kila mmoja akifunga yake kwa uzi wa rangi tofauti.

Yameota kitu cheupe. Ni ukungu? (Bukoba)

Yaweke kwenye mwanga. Vijisindano vinavyometameta na kunukia vanila ni fuwele za vanilini. Hizo ni heri tupu. Utando wa manyoya usiong'aa, wenye harufu ya uvundo, ni ukungu. Tunda lenye ukungu litupe, wala usilifute ukalirudisha na wenzake.

Ukungu husababishwa na haraka. Baada ya kufunika, anika juani saa moja au mbili kwa siku, kisha funga tena kwenye blanketi yakiwa na joto. Fanya hivyo kwa wiki moja au mbili. Halafu yahamishie kwenye chanja kivulini, penye hewa, kwa wiki kadhaa. Yako tayari ukiweza kulizungusha tunda kidoleni lisivunjike, na mikunjo yake ikienda kwa urefu. Kilo moja mbichi itabaki gramu 200 au pungufu. Hapo ndipo yanaingia kwenye sanduku lenye karatasi ya nta, miezi miwili au mitatu, ukiyakagua kila wiki. Friji usiitumie.

Kikundi chetu kinasumbuliwa na wezi, kwa hiyo watu wanavuna mapema. (Mukono)

Huku ni kujiumiza wote, maana mnunuzi akikuta bichi kwenye gunia hushusha bei ya kijiji kizima. Uganda serikali hutangaza siku ya kuanza kuvuna. Shikeni tarehe hiyo na mlinde mashamba kwa zamu hadi ifike. Fanyeni pia kama wakulima wa Madagaska, wanaodunga alama ya mwenyewe kwenye tunda likiwa bado kijani kwa pini zilizopangwa juu ya kizibo. Kovu hubaki hata tunda likishakauka, na mwizi hana pa kulificha.

Jirani amenipa marando bure. Niyapande? (Morogoro)

Kwanza kagua shamba alikoyakata. Mizizi ikiwa ya kahawia na imeoza, yakatae kwa heshima, kwa kuwa kuvu ya fuzari husafiri na rando na kukaa udongoni miaka mingi. Yakiwa mazima, chagua lenye urefu wa mita moja, liache kivulini wiki moja kidonda kikauke, ndipo ulipande.