Riwaya ya upelelezi: tafiti kwanza, kuuza baadaye

Ndugu mwandishi unayeanza, ikiwa tukio kuu la riwaya yako ya upelelezi linatokea mahali usipoishi, nenda huko kabla mswada haujakamilika, wala usibebe boksi la vitabu katika safari hiyo. Anayeulizwa maswali na mtu mwenye bidhaa mkononi humjibu kama mteja, na majibu ya mteja hayakufai kitu.

Mswada wangu wa pili ulikuwa na mauaji katika ufuo wa Jambiani, mashariki ya Unguja, nami nilikuwa nimeuandika wote Dar es Salaam. Muuaji alifika kwa ngarawa saa nne ya usiku, mwezi mpevu ukimulika, akatia nanga hatua chache kutoka ufukweni. Baada ya kujitambulisha kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, jambo ambalo nakusihi usiliruke, nilimsomea ukurasa huo mama mmoja mkulima wa mwani aliyekuwa amekaa mchangani akifunga vipande vya mwani kwenye kamba. Mikono yake ikasimama.

“Mwanangu, mwezi mpevu ni bamvua. Saa nne maji yashatoka. Hiyo ngarawa kaipitisha wapi?”

Alinieleza kwamba bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu; siku hizo maji ya huko hujaa kiasi cha saa kumi na kupwa kiasi cha saa nne, mchana na usiku, kisha kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa muda unaokaribia saa nzima. Ndiyo maana wakulima wa mwani hupanga kazi zao kwa bamvua, maji yanapokwenda mbali, mashamba yao yakaonekana. Niliiandika upya sura nzima: muuaji sasa alikuja kwa miguu juu ya mchanga uliokauka, na kufikia saa kumi alfajiri maji yalikuwa yamefuta nyayo zake. Mpelelezi wangu akapata swali ambalo mimi nisingelibuni mezani: nani kijijini alijua saa ya maji?

Chunguza vilevile sheria. Jeshi la Polisi ni la Muungano, lakini Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, sheria yake ya makosa ya jinai na Mkurugenzi wake wa Mashtaka, kwa hiyo mshtakiwa wa Jambiani usimpandishe kizimbani katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam.

Safari ya kuuza ilikuja baada ya kitabu kuchapwa. Duka moja lilichukua nakala 20 kwa mali kauli, yaani lilipe baada ya kuuza, bila karatasi, na fedha zake sikuzipata hadi leo. Tangu hapo huandika idadi, bei na tarehe ya malipo kwenye daftari, tukatia saini wote wawili. Unaposoma mbele ya watu, chagua kurasa za mwanzo na ufunge kitabu kabla mshukiwa wa pili hajatajwa, hata wakikuomba uendelee.

Nakala ya kwanza niliipeleka Jambiani, nikakataa kupokea fedha. Binti wa yule mama aliusoma kwa sauti ukurasa wa ufukweni, na mama akamkatiza kuniuliza usiku huo ulikuwa mwezi ngapi, yaani usiku wa ngapi tangu mwezi kuandama. Nilimjibu kuwa ni mwezi kumi na nne. Akamwambia binti asome.