Fanksheni ya draiva inayokataa kuitwa vibaya

Wiki nzima nilikaa natafuta bagi ambayo haikuwa ya diski wala ya memori, ilikuwa ni namba mbili tu zimebadilishana nafasi. Nilikuwa naandika draiva ya diski ya upande wa gesti, yaani ule mfumo unaokimbia ndani ya mashine pepe, kwa mtindo wa virtio (kanuni za gesti kuongea na hosti, yaani mashine halisi iliyoibeba, kuhusu vifaa kama diski), nikajitengenezea fanksheni yangu ya kutuma ombi: inapokea foleni, orodha ya bafa (vipande vya memori vya kuwekea data), alafu int (namba nzima) ya kusema bafa ngapi hosti itazisoma, alafu int nyingine ya kusema ngapi itaziandika. Mimi ndo niliyeiandika, na mimi huyo huyo nikaja kuiita kinyume.

Sasa ona balaa lake. Ombi la kusoma diski lina vipande vitatu: kichwa cha baiti 16 ambacho hosti inakisoma (aina ya ombi, sekta gani, yaani kipande gani cha diski), bafa ya data ambayo hosti inaijaza, na baiti 1 ya mwisho ya hali ambayo hosti inaiandika. Kwahiyo sahihi ni 1 na 2, mi nikaweka 2 na 1. Kompaila (programu inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine) kimya, int ni int bana. Bafa yangu ya data ikaonekana ni ya kusomwa tu, hosti ikakosa pa kuweka data, ikaandika "sawa" kwenye ile baiti ya hali ikarudisha ombi, na draiva inajiona imefaulu huku bafa ina takataka za zamani. Njia ya kuandika nilikuwa nimeiita vizuri, hivo faili zinaingia salama ila ukizisoma ni uchafu mtupu. Nikalaumu kashe, nikalaumu memori, nikamlaumu hadi mwenzangu wa upande wa hosti (nilimwomba radhi baadae).

Virtio yenyewe, ambayo Rusty Russell aliianzisha na ikaingia Linux toleo 2.6.24 mwaka 2008, ilikuwa na virtqueue_add_buf yenye namba mbili hizo hizo. Mwaka 2013 zikaja virtqueue_add_outbuf na virtqueue_add_inbuf, pamoja na virtqueue_add_sgs kwa maombi ya mchanganyiko, ile ya zamani ikaondolewa. Kwenye hizo mbili za kwanza jina lenyewe linakwambia data inaelekea wapi, huna cha kukosea. Add_sgs bado inabeba namba mbili, kwahiyo sisemi tatizo liliisha lote, ila angalau kwa kazi rahisi hulazimiki kuigusa.

Siku hizi nikiona paramita mbili za aina moja zimefuatana, na ukizigeuza kodi bado inakompaili (kodi ya programu, sio ile ya serikali), naivunja hiyo fanksheni bila huruma. Nikabakiza soma_sekta na andika_sekta, ile ya kuhesabu bafa nikaificha ndani ya faili moja asiione mtu.

Kosa la pili lilikuwa la uvivu unaofanana na usafi. Nilikuwa na fanksheni moja tamu: inaweka ombi kwenye foleni na hapo hapo inaigutua hosti. Fupi kweli, ila kuigutua hosti mara nyingi maana yake prosesa inatoka kwenye gesti inaenda kwa haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe) alafu irudi, na hiyo safari ni ghali, na mimi nilikuwa naifanya nikiwa nimeshika loki, yaani ufunguo wa foleni unaoshikwa na mmoja tu kwa wakati! Maombi 64, safari 64, na kila mwenye shida na foleni anasubiri mlangoni. Linux wameligawa hili: virtqueue_kick_prepare unaiita ukiwa na loki, inakwambia kama kuna haja ya kugutua, alafu unaachia loki ndo unaita virtqueue_notify. Ni fanksheni mbili badala ya moja, na ni safi zaidi, kwa sababu anayeita anaiona gharama iko wapi na anaweza kujaza maombi kumi kabla ya kugutua mara moja.

Mengine kwa haraka. Bafa ukishaiweka kwenye foleni sio yako tena mpaka virtqueue_get_buf ikurudishie, kwahiyo usiiache stakini (memori ya muda inayoachiliwa fanksheni ikiisha) alafu fanksheni ikarudi. Urefu unaoletwa na hosti ukaguliwe sehemu moja, ndani ya fanksheni inayopokea, usimwachie kila anayeita akumbuke. Na namba zinazovuka kwenda hosti zipe aina yake, mfano __le32, maana virtio 1.0 inataka baiti yenye uzito mdogo itangulie wakati ile ya zamani ilifuata mpangilio wa gesti, na ukitumia u32 tupu (namba ya biti 32 isiyosema mpangilio wake) hakuna chombo kitakachokushtua.

Kabla sijaandika fanksheni mpya sasa naanza na kodi ya anayeiita, mifano mitatu au minne hivi, kama vile fanksheni tayari ipo. Nikijikuta nafungua faili la heda (lenye orodha ya fanksheni na paramita zake) kukumbuka kipi kinatangulia, naifuta naanza upya.